Roland na Beberu wa Majabalini

Roland alizaliwa ndani ya boti ya uvuvi, katikati ya dhoruba, na kwa hiyo bahari hakuwahi kuiogopa hata siku moja. Mawimbi yakirukia paa la chumba cha usukani, yeye ndiye aliyekuwa chini anakaanga samaki na kuuliza nani anataka kitunguu. Dubu, baridi ya Januari inayokata masikio, mama mkwe wake enzi za uhai wake: vyote alivikabili akiwa amesimama wima. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kwenda juu. Ngazi ya vipago vitatu ilimtoa jasho. Taa ya sebuleni ikiungua, mke wake Adeline ndiye aliyepanda kiti kuibadilisha, na Roland akashika kiti huku amefumba macho, ungedhani yeye ndiye aliye juu.

Katika kijiji cha Tolliver, pwani ya Alaska, ambako milima inatumbukia baharini bila hata kuacha nafasi ya barabara, ugonjwa wa namna hiyo ni msiba na kichekesho kwa pamoja. Nyumba zimejipanga kwenye ukanda mwembamba wa ardhi. Nyuma ni mlima, mbele ni maji. Roland aliishi maisha yake yote upande wa mbele. Alivua samoni mpaka magoti yakagoma, kisha akawa mpishi wa shule. Watoto walimpenda kwa mkate wake wa kukaanga, ambao siri ya unga wake hakumpa mtu, na kwa sababu walipomwomba awashushie mpira ulionasa juu ya paa aliwapa mkate wa pili ili wausahau mpira.

Adeline alikuwa mfumaji. Si wa masweta. Alifuma majoho ya ngoma, yale yenye nyuso na macho yanayomtazama mtu hata akihama upande wa pili wa chumba. Joho moja ni kazi ya mwaka na zaidi: sufu ya mbuzi wa milimani isokotwe pamoja na gome la mwerezi, uzi kwa uzi, pajani. Na mbuzi hao hawafugwi. Wanakaa kwenye majabali, weupe kama theluji wanayoilalia, na sufu yao huiva mwishoni mwa msimu wa kuwinda, Novemba, wakati mtu mwenye akili zake yuko kando ya jiko. Miaka yote ya ndoa yao sufu ililetwa na Mervin, kaka yake Adeline, na hakuwahi kuileta kimya kimya.

"Shemeji," angesema, akibwaga ngozi juu ya meza, "nimemletea mkeo sufu. Wewe endelea kutulindia ufuko usiibiwe."

"Asante, shemeji. Na siku ukiporomoka huko juu, usijali. Msiba wako nitaupika mimi mwenyewe, watu watakula washindwe kulia."

Hakuna aliyekasirika. Roland ni wa watu wa Kunguru. Mervin na Adeline ni wa watu wa Tai. Kunguru na Tai wanaoana, wanazikana, na katikati ya harusi na maziko wanataniana bila likizo. Shemeji akiacha kukutania, ujue umemkosea.

Mwaka huo Mervin aliporomoka kweli. Lakini si mlimani. Aliporomoka kwenye ngazi za baraza yake, vidato viwili tu, akiwa amebeba mfuko wa takataka, na mguu ukafungwa hogo la plasta kutoka gotini hadi vidoleni. Mwindaji ambaye majabali yalikuwa yameshindwa kumwangusha kwa miaka arobaini! Kijiji kizima kilikwenda kumpa pole, na hakuna aliyeimaliza pole yake bila kucheka. Roland alikwenda siku tatu mfululizo, kwa raha zake.

Siku ya tatu aliporudi nyumbani, Adeline alikuwa amekaa mbele ya joho alilolianza, mikono mapajani, hafumi.

"Sufu imeisha," alisema.

"Tununue."

"Ya dukani ni ya kondoo. Hii ni sherehe ya kuondoa msiba wa mama yangu. Nimwondolee msiba kwa kondoo?"

"Mama yako hakuwa mtu wa kuchagua sana."

"Kweli. Alikukubali wewe."

Roland akatafuta kikombe chake cha kahawa, akakuta anacho mkononi.

"Kila mwaka naomba vibali vya kuwinda kwa majina yetu yote matatu," Adeline aliendelea, sasa kwa upole. "Mwaka huu limetoka lako. Mervin ataendesha boti. Kuendesha hakuhitaji mguu."

"Na kupanda je?"

Adeline alimtazama tu, na nyuso zote za kwenye joho zikamtazama pamoja naye. Roland aliwahi kuniambia kwamba angemkatalia mke wake, lakini wale wengine walikuwa wengi mno.

Walipoondoka asubuhi ile, gatini alikuwepo Janelle, binti wa dada yao Adeline na Mervin, ambaye ndiye ofisa wa wanyamapori wa eneo lile. Alikuwa amevaa sare na kofia ya manyoya, na alishika redio ndogo ya mkononi.

"Baba mkubwa, chukua. Mjomba ana ile ya kwenye boti. Lakini nawaambia mapema: redio ni ya kuokoa maisha. Mkianza kuambiana kwa redio mnyama yuko wapi, sheria inakataza, nami nitawapiga faini wote wawili. Undugu tutaendelea nao baadaye."

"Mwanangu, unanifahamu," alisema Mervin, mkono kifuani.

"Ndiyo maana nasema."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji kusemwa. Tolliver hakuna nyumba isiyo na redio ya boti jikoni, na inakaa wazi mchana kutwa. Bi Eunice, mjane aliyekaribia miaka tisini, alikuwa na televisheni lakini aliitumia kuwekea maua. Burudani yake ilikuwa redio.

Safari ilikuwa nzuri, kwa sababu ilikuwa ya baharini. Roland alikunywa kahawa, akala samoni mkavu na biskuti ngumu, akamkosoa Mervin kila alipokata wimbi vibaya. Mervin alikuwa ameunyoosha mguu juu ya kreti ya samaki, hogo limevishwa mfuko mweusi wa takataka.

"Mfuko huo si ndio uliokuangusha?" Roland aliuliza.

"Ndugu yake. Huyu ana adabu."

Lakini walipoingia kwenye mkono wa bahari ambako mbuzi hukaa, Roland aliweka kikombe chini, akashika ukingo wa boti. Ukuta wa mlima ulisimama pande zote mbili, misonobari imeng'ang'ania kama watu waliochelewa boti, na juu yake theluji tupu na mawe meusi. Mwishoni mwa msimu mbuzi huteremka, theluji ikiwafukuza juu, na Mervin alikuwa na hakika kwamba kwenye genge fulani juu kidogo ya msitu lazima kuna beberu.

"Juu kidogo," Roland alirudia.

"Kidogo tu. Kama ghorofa, tuseme."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Shuka, shemeji, maji yanapwa."

Roland alishuka, akaingia msituni. Mwanzo hapakuwa pabaya kwa sababu miti ilikuwa minene na hakuona kitu. Alipanda kwa mikono na magoti, bunduki mgongoni, akishika kila kilichoshikika, pamoja na vichaka vya miiba ambavyo mtu mwingine angevikwepa. Alijiambia kwamba hapandi. Anakwenda mbele tu, na mbele ndiyo imeinuka. Redio ikakoroma kifuani.

"Shemeji, uko hai?"

"Niko hai."

"Umefika wapi?"

"Kwenye mti."

"Mti gani?"

"Nimeukumbatia tu, sijaufahamu kwa jina."

Sauti nyembamba ikaingia katikati. "Mwambieni asiangalie chini."

"Bi Eunice," alisema Mervin, "hii ni redio ya kazi."

"Kwani nimesema mchezo? Asiangalie chini."

Basi mtu ukimwambia asiangalie chini, unategemea afanye nini? Roland alikuwa ametoka msituni wakati huohuo, amekanyaga ukingo wa mwamba wenye upana wa meza ya kulia, na akaangalia. Aliiona boti. Ilikuwa kama punje ya mchele. Akaketi, kisha akalala kifudifudi kwenye theluji na kuushika mlima kwa mikono miwili. Hapo akabaki. Mbele hakuweza, nyuma hakuweza, na jasho likaanza kuganda shingoni.

Kule chini, Mervin alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Aliinua uso akaona kitu cheupe kikitembea juu ya mawe ya ufukoni, pale maji yalipopwa. Alidhani ni bonge la barafu. Bonge likageuza shingo. Lilikuwa beberu la mlimani, zima, ndevu na pembe, limeteremka mpaka baharini kulamba chumvi na kutafuna mwani, hatua chache kutoka kwenye boti, na likamtazama Mervin kama mteja anayesubiri kuhudumiwa.

Mervin hakuwa na bunduki. Alikuwa na yai. Alishika redio, akakumbuka sheria, akaishusha. Akaishika tena.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nina mgeni."

"Mjomba, nakusikia," ilikuwa sauti ya Janelle.

"Sijasema kitu! Mtu haruhusiwi kuwa na mgeni?"

"Mgeni gani?" aliuliza Bi Eunice.

"Mgeni... mwenye ndevu."

"Mjomba!"

"Hata padri ana ndevu!"

"Kavaa nini?" Bi Eunice alitaka kujua.

"Koti jeupe zuri sana. Refu. La manyoya."

Jikoni za Tolliver zililipuka kwa kicheko. Adeline aliniambia aliwasikia majirani kupitia ukutani. Janelle alingoja redio itulie, kisha akasema kwa sauti ya sare yake, "Uwindaji wa leo umekwisha. Baba mkubwa, toa risasi kwenye bunduki ushuke. Kesho mkiwinda, redio iwe imezimwa."

Janelle aliachia kitufe cha redio, akakibonyeza tena.

"Baba mkubwa? Umenisikia?"

"Nimesikia," Roland alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na utani hata chembe. "Risasi nimetoa. Ila siwezi kushuka, mwanangu. Wala siwezi kupanda. Nimekwama, na jua linakwenda zake."

Hapo hakuna aliyecheka. Mervin aliutazama mguu wake na kuulaani. Watu wa kwenda kumchukua Roland wangefika gizani, na giza la Novemba huko haliulizi mtu kama amemaliza shughuli zake.

Kisha ikaingia sauti ya Adeline, tulivu, kama yuko chumba cha pili.

"Mzee wangu."

"Adeline."

"Mguu wako wa kushoto unafanya nini?"

"Unatetemeka."

"Uache utetemeke. Lakini uuteremshe huku unatetemeka. Hakuna aliyesema utulie."

"Siwezi. Nikifikiria mguu, naona maji."

"Basi usifikirie mguu. Niambie, ule unga wa mkate wako unauanzaje?"

"Nini?"

"Mkate. Miaka thelathini na tano nakuuliza. Unaanzaje?"

Roland alifumba macho. "Naanza... na maziwa. Ya uvuguvugu. Si ya moto."

"Haya, weka maziwa. Shusha mguu."

Akashusha mguu. Ukapata jiwe.

"Halafu?"

"Halafu hamira, na sukari."

"Sukari kiasi gani?" aliuliza Bi Eunice, na hakuna aliyemnyamazisha, maana kijiji kizima kilitaka kujua.

"Vijiko viwili. Vya kulia, si vya chai."

"Weka sukari, mzee wangu. Mguu mwingine."

Hivyo ndivyo Roland alivyouteremka ule mlima, akiburura tumbo kwenye theluji yote iliyokuwepo. Kwenye chumvi alifika mti wa kwanza. Kwenye siagi, ambayo kumbe haikuwa siagi ila mafuta ya dubu, watu walipiga kelele na Janelle akaamuru redio iachwe wazi. Wakati wa kuuacha unga uumuke alipumzika kwenye shina, akalia kidogo, na Adeline akamwacha alie. Bi Eunice aliomba arudie pale kwenye hamira, akarudia. Alipofika kukaanga, alikuwa ufukoni, miguu ndani ya mwani, na Mervin anambeba kwa macho kwa kuwa hakuweza kwa mikono.

Yule mgeni alikuwa bado yupo, kwenye ncha ya ufuko. Alimkagua Roland juu mpaka chini, akapanda zake taratibu.

"Alikuwa anasubiri mkate," alisema Mervin, na sauti yake ikapasuka katikati.

Walilala ndani ya boti, katika ghuba ndogo tulivu, na asubuhi mlima ulikuwa umeongeza theluji hadi katikati ya msitu. Redio ilizimwa, ikafungiwa kwenye sanduku la chakula. Mervin alitaka kuanza kueleza njia nyingine ya kupandia. Roland akainua mkono.

"Shemeji, jana umenifundisha wewe. Leo nipeleke ufukoni, kisha kaa nyuma ya ile ncha, unyamaze kama unaweza."

Akakaa kati ya mawe mawili, nyuma ya gogo lililoletwa na maji. Upepo ulimpiga usoni, kama alivyotaka. Maji yakaanza kujaa, yakamfikia viatuni, kisha vifundoni, lakini Roland alijua kwa kuangalia rangi ya mawe ni wapi yatakapoishia siku ile, na hakusogea. Beberu alitoka kwenye miti, theluji kifuani, akashuka kwenye chumvi yake. Roland alitazama pembe: nene kwenye shina, karibu zikutane. Ni dume. Alingoja ageuke ubavu, akavuta pumzi, akapiga mara moja.

Mbuzi aliinama kama anayeketi, kisha akateleza juu ya mwani akaingia majini.

Roland alimfuata bila kufikiria, maji yakamfika kifuani, baridi ikamkaba roho, akamshika pembe. Pale majini, ameshikilia kile kichwa kizuri, alimshukuru kwa sauti, kwa maneno ya wazee wake, akamweleza sufu inakwenda kwa nani na kwa nini. Mervin alikuwa amekwisha kuzunguka ncha. Alizima mashine, akavua kofia, akangoja shemeji yake amalize. Alipoona amemaliza ndipo akasema:

"Watu wanawinda mbuzi wa mlimani miaka na miaka, na wewe ndiye wa kwanza kumkuta anazama."

"Vuta kamba, wewe mlemavu wa takataka."

Kijijini mabishano yalikuwa makali: je, mbuzi wa mlimani akipatikana baharini ni mbuzi, au ni samaki? Mwenye duka alisema ni samaki. Janelle alikagua kibali, akakagua pembe, akasema sheria inasema mbuzi. Kisha akamkumbatia baba yake mkubwa, sare na yote.

Na kulikuwa na desturi. Mnyama wa kwanza wa aina yake ambaye mwindaji amempata, hali hata kipande, anamgawa wote. Kwa kawaida ni mambo ya vijana wa miaka kumi na mitatu. Roland alikuwa na sitini na mbili. Alizunguka nyumba kwa nyumba na beseni, akianzia kwa Bi Eunice, ambaye alimlipa kwa mkate wa kukaanga alioukanda mwenyewe kwa maelekezo ya redioni. Ulikuwa mgumu kama kwato. Roland aliula wote mbele yake. Mervin alipewa paja, akalichemsha kwa viazi na mafuta ya sili, akamwita shemeji yake aje kumtazama akila, na alisifia kila tonge.

Majuma yaliyofuata, jioni, Roland na Adeline walikaa na ngozi katikati yao. Yeye alichambua nywele ndefu, akabakiza sufu laini ya chini. Mke wake alisokota pajani. Siku moja Adeline alisema, bila kuinua macho, kwamba sufu hii ina harufu ya bahari, na Roland akauliza kama aioshe tena, mke wake akasema hapana.

Sherehe ilifanyika majira ya kuchipua, mayai ya samaki yalipokuwa yamejaa kwenye mwani na kila nyumba ina sinia la mayai hayo. Tai walikuwa wenyeji, Kunguru wageni, kwa hiyo Roland alikaa upande wa wageni, kwenye kiti cha mbele. Adeline na Mervin walisimama upande wa pili, Mervin kwa miguu miwili. Nyimbo za kuomboleza ziliimbwa, zikaisha, machozi yakafutwa. Ngoma ikabadilika, na mpwa wao akaingia amevaa joho. Alipojizungusha, mashada ya pindoni yaliruka yote pamoja, yakakaa hewani kidogo, yakashuka.

Roland aliyatazama mpaka kijana akamaliza mzunguko. Kisha akamwinamia Bi Eunice aliyekaa kando yake, ili amwonyeshe ni sehemu ipi iliyofumwa kwa sufu ya yule beberu.

"Najua," Bi Eunice alisema. "Nyamaza, nasikiliza ngoma."